Kabla Hujatia Sahihi Pikipiki ya Stima



Simama pale Mwembe Tayari saa moja asubuhi utazame barabara. Zamani ulikuwa unaisikia boda kabla hujaiona. Siku hizi kuna zile zinazokupita kimya, unahisi upepo tu. Pikipiki za stima. Na kama hajafika bado kwenye maskani yenu, atafika kijana nadhifu mwenye fulana ya kampuni na fomu kwenye simu, akwambie: achana na petroli bwana, weka elfu kumi na mbili tu, uondoke na pikipiki mpya leo leo, nyingine utalipa mdogo mdogo.

Usimfukuze. Na usimkimbilie. Mwambie akae, mnunulie kahawa, kisha muulize maswali. Haya ninayoandika ni kuhusu hayo maswali.

Niseme mapema kwamba mimi si adui wa pikipiki hizi. Nimekodi moja mwezi mzima nikafanyia kazi, na mdogo wangu wa tumbo moja alichukua moja kwa mkopo. Yaliyompata yeye ndiyo yaliyonikalisha kitako kuandika. Lakini chombo nacho kina haki yake, na chombo chenyewe ni kizuri.

Tupige hesabu. Boda ya petroli ukiifanyia kazi kutwa hapa mjini itakunywa lita mbili na nusu mpaka tatu. Tuseme lita ni shilingi 180. Hapo ushatia kama 500 kwenye tangi, hata chai hujanywa. Pikipiki ya stima ya kazi inakula kama uniti nne kwa kilomita mia. Ukiichaji nyumbani kwa tokeni, na tuseme uniti inakufikia kwa shilingi 30 pamoja na tozo zote, kilomita mia zimekugharimu 120. Kwenye kituo cha kubadilisha betri utalipa zaidi, maana kuna mtu anakodi chumba, analipa wafanyakazi, na betri ni zake. Hata hivyo mara nyingi bado unabaki chini ya petroli. Hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi, hakuna kabureta ya kusafisha. Fundi wako wa kila Jumamosi atakukosa.

Na petroli ni ile ile inayopandishwa bila mtu kukuuliza. Septemba 2023 lita ilifika shilingi 211.64 pale Nairobi, na wewe nauli ya Likoni hukuweza kuipandisha kwa kiasi hicho, abiria wangekwenda kwa miguu. Tena ile pesa inakwenda ng'ambo kununua mafuta. Stima yetu sehemu kubwa inatoka hapa hapa nchini: mvuke wa Olkaria, upepo wa Turkana, mabwawa ya mto Tana. Kwa hiyo anayekwambia mambo ya stima ni mradi wa wageni, mwambie petroli nayo haikuchimbwa Kongowea.

Dunia inaelekea huko tutake tusitake. Rwanda, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena kwa kazi ya kubeba abiria mjini Kigali. Hapa kwetu Rais Ruto alikuja Mombasa tarehe 1 Septemba 2023 kuzindua mpango wa pikipiki za stima. Wiki moja kabla yake, usiku wa tarehe 25 Agosti, karibu nchi nzima ilikuwa gizani kwa kukatika stima. Sisemi kwa kejeli. Haya, kejeli kidogo ipo. Lakini ukweli ni kwamba betri haijazwi na hotuba, na siku stima ikipotea, kituo cha betri nacho kitapotea pamoja nayo.

Sasa kuiendesha. Mtu aliyezoea gia na klachi atacheka siku ya kwanza: unazungusha mkono, inakwenda. Inakwenda kweli, maana mota ya stima haisubiri, inatoa nguvu zote pale pale. Kwenye mchanga au lami yenye maji itakuangusha kabla hujajua kosa lako ni lipi. Na ule ukimya wake ni raha kwako lakini ni hatari kwa wenzako. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale watoto wanacheza mpira, wazee wanatoka msikitini alfajiri, wote wamezoea kukwepa kwa masikio. Hawakusikii. Mimi nilimkosakosa bibi mmoja kwa shubiri, na mpaka leo nikipita pale napiga honi kama dereva wa matatu.

Halafu masafa. Kampuni itakwambia betri moja inakwenda kilomita 80 au 90. Hizo ni za mtu mmoja mwembamba kwenye barabara tambarare. Mpakie mama na gunia la viazi kutoka Kongowea, panda daraja la Nyali, panda mlima wa Changamwe, uone namba zinavyoshuka. Mimi nilikuwa napata sitini na kitu. Inatosha kazi ya kisiwani. Ukichukua abiria wa Mtwapa au wa Ukunda, jua kwanza kituo cha mwisho cha betri kiko wapi, vinginevyo utarudi ukisukuma, na hizi zinasukumika kwa tabu. Ramadhani ndiyo balaa zaidi: kila mtu anataka betri iliyojaa kabla ya ile saa ya watu kukimbilia futari, na foleni yake inaanza Alasiri. Aliyejipanga mapema anafanya kazi mpaka baada ya tarawehe. Aliyechelewa anafuturu kwenye foleni.

Mvua inazivumilia, mafuriko hapana. Chumvi ya bahari inaota kijani kwenye vichwa vya betri, vifute. Na kuna vijana wanaodhani ya stima haihitaji karatasi kwa sababu haina injini. Ndugu yangu, leseni ni ile ile, bima ile ile, helmeti mbili, jaketi, na abiria mmoja, si mshikaki. Askari wa Makupa hatakusikiliza ukimweleza habari za mota.

Haya, sasa tuje kwenye karatasi yenyewe.

Mdogo wangu aliweka 12,000. Kila siku alipe 330, siku saba kwa wiki, miaka miwili. Aliona ni rahisi, kwani tajiri wake wa zamani alikuwa anamdai hesabu ya siku kubwa kuliko hiyo na pikipiki ilibaki ya tajiri. Hakuna aliyempigia hesabu nzima, naye hakuuliza. Mimi nilikuja kuipiga baadaye, kwenye karatasi ya maandazi: 330 mara siku 730 ni 240,900. Ongeza 12,000 za mwanzo, ni 252,900. Pikipiki ile ile, ukienda na pesa mkononi, ilikuwa 165,000. Tofauti ni 87,900. Na hapo betri haimo. Betri ni ya kampuni, unalipa kila unapobadilisha, tena kwenye vituo vyao tu, maana betri ya kampuni nyingine haiingii.

Siku ya 214 alikuwa hajakosa hata moja. Kisha akapigwa na dengue. Ukiijua ile homa, unajua kwamba mtu hainuki. Siku ya tatu bila malipo, mfumo ukaifunga pikipiki. Haikuja simu ya mtu. Ulikuja ujumbe. Siku ya tisa alipoanza kutambaa, deni lilikuwa limeongezeka faini, na akiwa bado hajapata nguvu wakaja wawili wakaichukua mlangoni kwa mama. Alikuwa ameshalipa 82,620. Nusu ya bei ya pikipiki. Alipokwenda ofisini kuuliza, alionyeshwa kipengele kwenye mkataba, kwa Kiingereza, kwenye simu, herufi ndogo kama chungu: ukishindwa, yote uliyolipa yanahesabiwa kuwa kodi.

Sitaitaja kampuni. Kwanza kwa sababu ile karatasi alitia sahihi mwenyewe. Pili kwa sababu ukiijua moja utadhani nyingine ziko salama, na mimi nataka uziulize zote.

Swali la kwanza: hii pikipiki ni ya nani leo? Si baada ya miaka miwili, leo. Logibuku imeandikwa jina gani? Ikiwa ni jina la kampuni, basi wewe ni mpangaji, na si vibaya kuwa mpangaji, ila mpangaji halipi bei ya mwenye nyumba. Nikiharibikiwa, nani anatengeneza? Ikikaa gereji wiki mbili kwa kosa la kiwandani, zile siku 14 nalipa au silipi? Nikifa, mama yangu anadaiwa? Nikilipa nusu nikashindwa, nusu yangu inakwenda wapi?

Swali la pili: betri ni ya nani? Watu wengi hapa wanaruka hili, na ndilo zito kuliko yote. Pikipiki bila betri ni chuma. Ikiwa betri ni ya kampuni na inaingia kwenye pikipiki za kampuni hiyo tu, basi hata siku umemaliza deni na logibuku iko kwenye kabati lako, bado riziki yako iko mikononi mwao. Wakipandisha bei ya kubadilisha, utalipa. Wakifunga vituo vya Mombasa wakabaki Nairobi, utaegesha. Kampuni zinakufa, hili si la kubuni. Israel kulikuwa na kampuni ikiitwa Better Place, ya magari ya kubadilisha betri, iliyomeza mamia ya mamilioni ya dola za wawekezaji. Mei 2013 ilikwenda mahakamani kufungwa. Uholanzi, Julai 2023, ilifilisika VanMoof, ya baiskeli za stima za bei mbaya. Wale waliokuwa wamelipa mpaka senti ya mwisho walibaki wanakimbizana kuhifadhi ufunguo wa kwenye simu, kwa hofu kwamba mitambo ya kampuni ikizimwa, baiskeli yao wenyewe itawagomea. Hao walikuwa wamenunua taslimu! Sisi je, wa mdogo mdogo?

Si lazima iwe hivyo. Taiwan, betri za mtandao wa Gogoro zinaingia pia kwenye pikipiki za makampuni mengine, hata za Yamaha. Dereva akikasirishwa na mtengenezaji mmoja anahamia kwa mwingine, kituo ni kile kile. Hapa Kenya tungeweza kudai hivyo, na ingefaa tudai mapema, kabla kila kampuni haijajijengea ukuta wake. Serikali nayo imeshatoa upande wake: mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalum ya stima ya vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya tozo na ushuru. Mwenye kituo anayechaji kwa bei hiyo amepata nafuu kwa jina lako wewe mwanaboda. Ni haki yako kuuliza nafuu hiyo imekufikia kiasi gani.

Swali la tatu: nani ameshika swichi? Pikipiki nyingi za mkopo zina kifaa ndani kinachoonyesha ziko wapi na kinachoweza kuzizima kutoka mbali. Naelewa kwa nini, wezi wapo, na wadaiwa sugu wapo pia. Lakini uliza inazimwa wakati gani. Ikiwa imeegeshwa, au hata nikiwa katikati ya Kibarani saa nne usiku na abiria wa kike nyuma? Ninapewa saa ngapi za onyo? Kuna mtu wa kuongea naye, au ni mashine tu?

Na kile kifaa hakizimi tu, kinaandika. Kinajua unalala wapi, unaswali wapi, ulisimama kwa nani usiku na kwa dakika ngapi. Kijana wa Majengo au wa Likoni hahitaji kufundishwa na mimi kwa nini hilo lina uzito. Mji huu una akina mama ambao watoto wao walichukuliwa wakapotea, na kuna watu walioshukiwa kwa sababu tu ya msikiti wanaoswali. Katiba, kifungu cha 31, inakulinda faragha, na sheria ya kulinda data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumika vipi na ya kuona kilichoandikwa juu yako. Muulize yule kijana wa fulana: hizi safari zangu mnaziweka muda gani, na mnampa nani? Akisema hajui, mwambie arudi na anayejua.

Kuna swali la nne, na hili ni letu sisi. Mkopo huu ni wa namna gani?

Mimi si sheikh, na fatwa hutaipata hapa. Lakini aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni na kuliandika. Si funga, si hija. Deni na karatasi yake. Kwa hiyo mtu anayetia kidole kwenye simu bila kusoma, kisha akasema tawakkaltu, hajaifuata njia aliyoonyeshwa. Mpelekee imamu wako ule mkataba umuulize mambo mawili matatu. Kuna muuzaji anayenunua pikipiki, ikawa yake kweli, kisha akakuuzia kwa bei yenye faida inayojulikana, iliyofungwa, isiyoongezeka ukichelewa. Hiyo ni murabaha. Kuna anayekukodisha, ikabaki yake pamoja na hasara zake, mwisho akakupa. Hiyo ni ijara, na ndani yake huwezi kudaiwa kodi ya siku ambazo chombo kimekufa bila kosa lako. Na kuna anayekupa pesa kwa jina la pikipiki, zikaongezeka kwa kila siku unayougua. Hiyo jina lake unalijua. Shida ni kwamba mikataba mingi inachukua lile linalomfaa mwenye mali kutoka kila upande: ni mauzo inapofika kwenye bei, ni kodi inapofika kwenye kukunyang'anya, na ni mkopo inapofika kwenye faini.

Kenya ina benki zinazofuata sharia tangu 2008. Gulf African ilianza mwaka huo, na First Community, ambayo leo ni Premier Bank. Nenda uulize kama wana utaratibu wa pikipiki ya stima kwa mtu wa kipato chako. Hata wakikwambia hapana, tukienda mia tutaulizwa tena.

Ushauri wangu wa vitendo ni huu: kodi kwanza. Wapo wenye pikipiki za stima wanaokodisha kwa siku au kwa wiki, na ijapokuwa wazee watakwambia kodi ni pesa iliyopotea, mwezi mmoja wa kukodi ulinifundisha kuliko maneno ya wauzaji wote. Nilijua safari zangu ni kilomita ngapi kwa siku. Nilijua kituo cha karibu na kwetu kinaishiwa betri saa kumi na mbili jioni. Nilijua mgongo wangu unaipenda na mfuko wangu unaipenda. Ikiharibika, namrudishia mwenyewe. Ukimaliza mwezi huo, ndipo uamue, na namba zako mkononi.

Ukinunua, na ukiwa na mahali pa kuchaji, fikiria ile inayouzwa pamoja na betri yake, hata kama bei ya mwanzo inauma. Ila hapo kuna jambo sitalipita haraka. Betri za lithiamu mbaya zinaua. New York, ambako vijana wengi wa kupeleka vyakula ni wahamiaji kama ndugu zetu wa huko Afrika Magharibi, mwaka 2023 peke yake moto wa betri kama hizi ulitokea mara 268 na watu 18 wakafa. Hatari kubwa ni kuzichaji ndani, kwenye korido, karibu na mlango ule ule wa kutokea. Sasa zifikirie zile ghorofa zetu za ngazi moja, familia nane, milango ya chuma. Usinunue betri iliyofunguliwa na kufungwa upya na fundi, hata kama ni rafiki yako. Usitumie chaja ya chombo kingine. Usichaji mlangoni, wala usiku wote wenzako wamelala. Ikianza kuvimba, au ikinuka, itoe nje na usiirudishe.

Na dada zangu, msidhani haya ni ya kina kaka tu. Chombo kisicho na kiki wala gia nzito kimefungua mlango, na nimeshawaona mabinti wawili watatu wakipeleka mizigo ya biashara zao Nyali. Mwanafunzi wa chuo anaweza kutosheka na baiskeli ya stima ya kukanyaga. Bei yake ni ndogo na inabebeka mpaka chumbani, ingawa kuhusu kuichaji huko chumbani nimeshasema.

Jambo ninalotaka mulibebe zaidi ni kwamba msiende mmoja mmoja. Kampuni inapokuja maskani inaongea na kila mtu kando, na hapo ndipo nguvu inapopotea. Maskani ya watu thelathini ni wateja thelathini. Wekeni katibu, andikeni masharti yenu kwa Kiswahili: mkataba usomeke kwa lugha tunayoielewa. Siku za ugonjwa zenye karatasi ya hospitali zisihesabiwe. Siku mbili za Idi ziwe huru. Aliyelipa nusu akashindwa arudishiwe haki yake baada ya pikipiki kuuzwa. Kuzima kusifanyike barabarani. Waambieni wajibu kwa maandishi. Kampuni ya kwanza itakayokubali, nyote mwende kwake, na ya pili itakubali wiki inayofuata.

Kwa aliyeshaumia: kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya huduma bora, ya kupewa maelezo anayohitaji, na ya kufidiwa. Na kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Beba mkataba, beba ujumbe wote wa M-Pesa. Usifute hata mmoja.

Mdogo wangu alipopona hakwenda mahakamani. Nilimsukuma, akakataa, akasema amechoka, na mimi bado naona alikosea. Badala yake walikaa sita, marafiki wa tangu madrasa, wakaanza chama. Kila mmoja 200 kwa siku, ni 1,200. Pikipiki wanayoitaka, yenye betri yake na chaja yake, ni 230,000, kwa hiyo inachukua siku 192 kununua moja, bila riba na bila mtu wa kuizima. Nani apate kwanza wanapiga kura. Ya kwanza ilinunuliwa baada ya Idi, logibuku ina jina la yule anayeuza mkaa Bondeni, na mdogo wangu ni wa nne kwenye orodha. Kwa sasa anaendesha ya kukodi, na kila jioni baada ya Isha anapita kwa mwekahazina na mia mbili yake.